Kibudu cha Barabarani: Hoja Dhidi ya Kuhalalisha Nyama ya Paa Waliogongwa Unguja

Tangu Januari 2019, mkaazi wa jimbo la Oregon, Marekani, akimkuta kulungu aliyegongwa na gari anaruhusiwa kumchukua na kumla. Huomba kibali ndani ya saa 24, kisha hukabidhi kichwa na pembe kwa idara ya wanyamapori. Kichwa hupimwa maradhi, na anayewinda pembe hana sababu ya kugonga kwa makusudi. Je, sheria ya namna hiyo ingeifaa Unguja?

Kwa Muislamu, nusu ya jibu imo katika neno kibudu. Mnyama aliyekufa kwa kipigo haliwi. Aya ya 3 ya Suratul Maida inambakisha halali yule tu aliyewahiwa kuchinjwa kabla roho haijatoka.

Hapo ndipo penye mwanya. Paa atakayenunuliwa Mjini lazima awe amechinjwa, na shingo iliyochinjwa haisemi kama mnyama aliangushwa na gari karibu na kijiji cha Kitogani au alikimbizwa na mbwa hadi wavuni. Kibali cha kuokota kingempa msasi haramu karatasi ya kuonyesha njiani. Anayeweza kulipia hasara hiyo ni paa nunga, mnyama adimu ambaye nje ya Zanzibar anajulikana katika misitu ya pwani ya Kenya tu.

Kima punju wa msitu wa Jozani anatoa funzo jingine. Watu wa Unguja hawamli, kwa hiyo mzoga wake hauna wa kuugombea, na ndiyo maana hesabu yake iliwezekana. Mwaka 1998 watafiti Struhsaker na Siex walieleza kuwa kabla ya matuta kujengwa katika barabara inayopita Jozani, iliripotiwa wastani wa kima mmoja kuuawa kila wiki mbili au tatu. Baada ya matuta, mmoja kila wiki sita. Kwa spishi iliyokadiriwa kuwa na kima 5,862 mwaka 2017, nafuu hiyo si ndogo. Mizoga ya paa ikishaingia chunguni, ushahidi wa aina hii hautapatikana.

Wapo watakaosema kuacha nyama ioze ni israfu, na kwamba Tanzania Bara iliruhusu bucha za nyamapori kwa kanuni za mwaka 2020. Hoja ya israfu ina uzito. Lakini bucha zile zimewekewa utaratibu wa leseni, na chimbuko la nyama linaweza kufuatiliwa. Ajali haina mgao wala msimu. Isitoshe, wanyamapori si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya misitu ya mwaka 1996.

Kinachofaa ni kila paa aliyegongwa aripotiwe kwa walinzi wa msitu, apigwe picha, apimwe, achukuliwe sampuli, kisha azikwe. Mahali alipoangukia paandikwe kwenye ramani, ili tuta linalofuata lijengwe hapo.