Muswada na Msomaji Wake: Lugha, Haraka na Siri katika Utungaji wa Sheria nchini Kenya

Neno 'muswada' lilitufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni mzizi wenye maana ya weusi. Katika desturi ya waandishi wa Kiarabu, maandishi ya kwanza, yaliyojaa wino wa kukata na kusahihisha, yaliitwa 'meusi'. Nakala safi iliyofuata ikaitwa 'nyeupe'. Kiswahili kimelipa neno hilo kazi mbili: mtunzi wa riwaya hupeleka muswada wake kwa mchapishaji, na Waziri hupeleka muswada wake Bungeni. Katika kazi zote mbili wazo ni moja, kwamba jambo halijakamilika na msomaji bado ana nafasi ya kutia kalamu. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi msomaji huyo, yaani mwananchi wa Kenya, alivyowekwa mbali na muswada kwa miaka mingi, na jinsi lugha ilivyochangia jambo hilo.

Aghalabu tunapotaja siri ya serikali, fikira zetu huenda kwenye makabati yaliyofungwa na majalada yenye mihuri. Siri ya namna hiyo ipo. Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, ilitungwa nchini mwetu mwaka 1968 kwa kufuata mfano wa Uingereza. Nayo sheria ya Uingereza ya 1911 ilipitishwa na Baraza la Makabwela kwa muda usiotimia saa moja, alasiri ya tarehe 18 Agosti. Sheria ya kulinda siri ilipita hata kabla raia hawajatambua kuwa ilikuwa inajadiliwa.

Lakini muswada hauwekwi kabatini. Huchapishwa katika Gazeti Rasmi, ambalo chanzo chake ni mwaka 1899, enzi ya Himaya ya Uingereza. Kwa hiyo mtu aweza kudai kwamba hapana siri yoyote: kila muswada umetangazwa, na asiyeusoma ajilaumu mwenyewe. Dai hilo halisimami tukilipima kwa historia.

Tuanze na lugha. Tarehe 4 Julai 1974, Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba Kiswahili kiwe lugha ya Bunge. Mwaka uliofuata Katiba ilirekebishwa kulingana na tangazo hilo, na mwaka 1979 ikarekebishwa tena, Kiingereza kikarudi kutumika sambamba na Kiswahili. Wanaisimu tumelisherehekea tangazo la 1974, na tuna sababu. Hata hivyo, kifungu cha 53 cha Katiba, kwa umbo lake lililodumu hadi 2010, kiliagiza kwamba kila muswada, kila sheria, kila azimio la fedha na kila pendekezo la kuvirekebisha viandikwe kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba Kiswahili kilipewa ulimi kikanyimwa kalamu. Mbunge aliweza kusimama akasema kwa Kiswahili fasaha juu ya maandishi ambayo mpiga kura wake, hata angeyapata, asingeweza kuyasoma.

Jambo la pili ni haraka. Kanuni za Kudumu za Bunge zilitaka siku kadhaa zipite baina ya kuchapishwa kwa muswada na kuletwa kwake Bungeni, lakini kanuni hizo hizo ziliruhusu muda huo upunguzwe kwa hoja. Mlango huo ulitumiwa hasa kwa mambo mazito. Mnamo Desemba 1975, marekebisho ya Katiba ya kumwezesha Rais kumsamehe mtu aliyepatikana na makosa ya uchaguzi, ambayo yalimfaa Paul Ngei, yalipitishwa kwa alasiri moja. Tarehe 9 Juni 1982, muswada ulioingiza kifungu cha 2A, uliofanya KANU kuwa chama pekee kisheria, nao ulipita hatua zake zote kwa alasiri moja. Siku chache kabla, George Anyona, aliyehusishwa na mpango wa kuunda chama kingine pamoja na Oginga Odinga, alikuwa ametiwa kizuizini. Kifungu hicho hakikuondolewa hadi Desemba 1991. Alasiri moja ilizaa miaka tisa. Wakati wananchi wanapata habari, nyeusi ilikuwa imekwisha kuwa nyeupe.

Katiba ya 2010 ilibadili msingi wa mambo. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, ibara ya 118 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake, na ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kutekeleza haki ya kupata habari. Pamoja na hayo, miswada imeendelea kuandikwa kwa Kiingereza.

Mwaka 2024 ulionyesha gharama ya pengo hilo. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipotoka, vijana wenyewe waliufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kenya, wakaueleza kifungu kwa kifungu. Kazi ambayo dola haikuifanya ilifanywa na watu wasiolipwa. Bunge lilipoupitisha tarehe 25 Juni, waandamanaji waliingia katika majengo yake, na watu waliuawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia sahihi.

Huenda mwanasheria akapinga kwamba matini mbili huleta maana mbili. Hoja hiyo ina uzito, lakini Katiba imekwisha kuijibu: ibara ya 120 inasema kwamba matini zikihitilafiana, ile iliyotiwa sahihi na Rais ndiyo itakayofuatwa. Jirani zetu wa Tanzania nao walipitisha mwaka 2021 sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kilichobaki kwetu ni kazi ya istilahi na tafsiri, na kazi hiyo ni ya idara kama hii yetu. Tukiiacha, tutakuwa washiriki wa siri ile ile tunayoilaumu.