Karte ya pikipiki ya zamani ikilika: kipi kinatengenezeka, na kwa njia gani

Kwa wakaaji wa Bambu na vijiji vingine vya teritwari ya Djugu, pikipiki ndiyo gari, ndiyo ambulansi, ndiyo lori ya mihogo. Siku hizi nyingi zinatoka China na India. Lakini huku mashariki bado utakutana na zile za zamani zilizoundwa kwa njia mbaya: Yamaha DT 125, Yamaha AG 100, Suzuki TF 125, Honda XL 125. Pistoni na silinda zake mara nyingine zinapatikana. Kitu kigumu kupata ni karte.

Karte ni ile nyumba ya aluminiamu inayobeba injini yote. Iko na vipande viwili vinavyofungwa pamoja kwa buloni. Ndani yake kunazunguka vilbreke, yaani mhimili unaosukumwa na pistoni, pamoja na meno ya vitesi. Karte ikiharibika, wengi wanaambiwa: "Tupa injini, nunua ingine." Mara nyingi si lazima. Ila kabla ya kutengeneza, jiulize: sehemu hii iliyoharibika inafanya kazi gani? Kama inazuia mafuta tu, kuna dawa rahisi. Kama inashika kitu kinachozunguka, lazima ipimwe na kukerezwa. Kuchanganya hayo mawili ndiko kunakoua injini nyingi.

Makao ya rulma

Rulma (beringi) ya vilbreke inakaa kwenye tundu la karte kwa kubana. Ikianza kuzunguka ndani ya tundu lake, inakula aluminiamu kidogo kidogo. Dalili: injini inanguruma kwa chini, vilbreke inacheza ukiitikisa kwa mkono, na ukifungua karte, rulma inaanguka yenyewe bila kupashwa moto.

Dawa ya haraka ambayo wengi wanaijua ni kugongagonga tundu kwa ncha ya chuma ili liote vinundu, au kuzungushia kipande cha kopo la bia. Pikipiki inawaka, mwenye mali anafurahi. Lakini vinundu vinabonyea haraka, na kopo halikai sawa, kwa hiyo vilbreke inainama. Hapo ubovu unahamia kwenye rulma mpya, kwenye sili za mafuta, mpaka kwenye pistoni.

Njia inayodumu ni hii. Kama uwazi ni mdogo sana, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kuna gundi maalumu ya kushikia rulma, kama zile za Loctite. Lazima pande zote zioshwe mpaka zisiwe na mafuta hata kidogo. Kama uwazi unazidi hapo, tundu lipanuliwe kwenye mashine ya kukereza vyuma, liwekewe pete mpya, halafu pete ikerezwe kwa kipimo cha rulma. Fundi afunge vipande viwili vya karte pamoja anapotafuta kati ya tundu, ili rulma za kushoto na za kulia ziwe kwenye mstari mmoja.

Kuingiza rulma bila nyundo

Aluminiamu inapanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Rulma namba 6304 ina kipenyo cha nje cha milimita 52. Ukipasha karte moto mpaka izidi joto la kawaida kwa nyuzi 80, tundu lake linapanuka karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Hiyo inatosha rulma iingie kwa kusukumwa na mkono. Pasha karte yote polepole, isizidi nyuzi 120. Tone la maji likichemka mara moja juu yake, iko tayari. Usichome sehemu moja kwa moto mkali, itapinda. Na kama uliiosha kwa esansi, iache ikauke kabisa, mbali na moto.

Nyuzi za buloni zilizokwisha

Hii ndiyo ajali ya kila siku, zaidi kwenye buloni ya kumwagia mafuta. Usiijaze gundi. Tundu linatobolewa kidogo zaidi, linakatwa nyuzi mpya, halafu linaingizwa koili ya waya wa chuma inayorudisha kipimo kile kile cha buloni. Kazi ikifanywa vizuri, inakuwa na nguvu kuliko nyuzi za kwanza. Na kumbuka: buloni ya milimita 6 kwenye aluminiamu inatosha nguvu ya nyutoni-mita 10 hivi. Ufunguo mrefu na mkono wa hasira ndivyo vinavyoikata.

Shimo la mnyororo

Mnyororo ukikatika au ukiruka, unajikunja kwenye jino dogo la mbele na kuvunja karte. Kama shimo liko mahali pa kuzuia mafuta au vumbi tu, gundi ya chuma ya kuchanganya sehemu mbili inaweza kusaidia, mradi pameoshwa na kukwaruzwa. Kama ufa unakwenda mpaka kwenye makao ya rulma au sikio la kufungia injini, gundi haiwezi.

Hapo ni kuchomelea aluminiamu kwa mashine ya gesi ya argoni. Vitu vyote vya ndani vitolewe. Karte ioshwe, ipashwe moto ili itoe jasho la mafuta ya zamani, ioshwe tena. Miisho ya ufa itobolewe ili usiendelee. Wakati wa kuchomelea, vipande viwili vifungwe pamoja visipinde, na baada ya hapo makao ya rulma yapimwe upya.

Uso wa kukutania

Kuna fundi anayefungua karte kwa kuchomeka turnevisi katikati. Kila alama anayoacha ni njia ya mafuta au ya hewa. Ondoa vinundu tu kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo kilichonyooka. Usilambe uso wote sana, maana vilbreke itabanwa. Silikoni nayo iwe kidogo: inayozidi inaingia ndani na kuziba njia za mafuta.

Kwa injini za DT, AG 100 na TF, jambo hili ni zito zaidi. Hizo hazina mafuta chini ya vilbreke. Hewa na esansi vinapita ndani ya karte. Hewa ikiingia kwa pembeni, esansi inapungua, pistoni inapata joto kali na kukwama ghafla. Ukikwama kwenye mteremko huku umebeba mama mjamzito, hiyo si hasara ya pesa tu. Basi kabla ya kurudisha injini, ziba njia ya kabureta na ya ekzosi, ingiza hewa kidogo kwa pampu yenye kipimo, isizidi bari 0.4. Paka maji ya sabuni. Povu litakuonyesha panapovuja.

Ukinunua karte ya mtumba

Nunua vipande viwili vilivyotoka injini moja, maana vilikerezwa pamoja kiwandani. Angalia pia namba: namba ya injini imepigwa kwenye karte. Ukibadilisha karte, namba haitalingana tena na karatasi zako, na ya mtumba inaweza kuwa ya pikipiki iliyoibiwa. Omba hati ya mauzo yenye namba hiyo na jina la muuzaji.

Na kabla ya kumlipa fundi, muulize mambo matatu: rulma imeingia kwa kubana au kwa kuteleza? Umepima kwa kifaa gani? Umejaribu kama inavuja? Fundi mzuri atakujibu bila kukasirika, na mara nyingi atakuonyesha.