Hataza za betri za silikoni: mkaguzi hutazama nini, na mpaka wa Illasit una maana gani

ILLASIT, mji wa mpakani ulioko Kajiado Kusini chini ya Mlima Kilimanjaro, hauna maabara ya kemia. Ng'ambo ya mpaka ni Tarakea, wilayani Rombo, nchini Tanzania. Biashara ya huku na huku ndiyo uhai wa miji hiyo miwili, na katika bidhaa zinazovuka zimo simu, taa za sola na betri zake. Ndani ya betri hizo mna haki za wavumbuzi wa Japani, Korea Kusini, China na Marekani. Iwapo haki hizo zina nguvu Illasit, zina nguvu Tarakea, au hazina nguvu popote kati ya miji hiyo, ni suala linaloamuliwa na karatasi zinazosomwa Nairobi, Dar es Salaam au Harare.

Makala haya yanaeleza jinsi karatasi hizo zinavyokaguliwa, kwa kutumia mfano mmoja unaogombaniwa sana duniani wakati huu: matumizi ya silikoni katika ncha hasi ya betri za kuchajiwa.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa hutumiwa ovyo. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia, kuuza au kuingiza nchini kitu alichokivumbua kwa muda maalumu, ambao nchini Kenya ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Si hakimiliki, ambayo hulinda vitabu, nyimbo na michoro. Wala si cheti cha ubora. Hicho ni kazi ya Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS). Mkaguzi wa hataza haichaji betri wala haipimi. Yeye husoma. Kwa sababu hiyo, muuzaji anayejigamba kwamba betri yake ni bora kwa kuwa ina hataza anachanganya mambo mawili yasiyohusiana.

Silikoni na tatizo lake

Betri ya ioni za lithiamu iliingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka wa 1991. Ncha yake hasi kwa kawaida hutengenezwa kwa grafiti, aina ya kaboni iliyomo pia katika penseli. Ni Mwafrika, Rachid Yazami wa Morocco, aliyeonyesha mwaka wa 1980 kwamba ioni za lithiamu zinaweza kuingizwa ndani ya grafiti na kutolewa tena kwa umeme. Mwaka wa 2014 alitunukiwa Tuzo ya Draper pamoja na John Goodenough, Yoshio Nishi na Akira Yoshino.

Grafiti ni mtumishi mwaminifu lakini mwenye mzigo mdogo. Atomu 6 za kaboni hushika ioni 1 tu ya lithiamu, ilhali atomu 4 za silikoni huweza kushika 15. Kwa hesabu ya nadharia, gramu moja ya grafiti hubeba chaji ya miliampia-saa 372, na gramu moja ya silikoni takriban 3,579. Silikoni yenyewe si adimu, kwani imo katika mchanga wa kila mto.

Mbona basi betri zote hazijawa za silikoni? Jibu ni kwamba silikoni ikishiba lithiamu huvimba hadi karibu mara nne ya ujazo wake, kisha hunywea betri inapotumika. Msomaji wa Kajiado atalielewa jambo hili akikumbuka ukuta wa nyumba ya Kimaasai uliosilibwa kwa udongo na samadi. Mvua na jua huupasua, na mama mwenye nyumba hana budi kusiliba upya kila nyufa zinapotokea. Katika betri, kila ufa wa silikoni hufungua uso mpya ambao husilibwa na kemikali za kimiminika kilichomo, na usilibaji huo hula lithiamu. Baada ya kuchajiwa mara kadhaa, lithiamu iliyobaki haitoshi na betri hufa.

Tiba zilizotafutwa ni nyingi. Mwaka wa 2008 kundi la Yi Cui katika Chuo Kikuu cha Stanford lilitangaza nyuzi nyembamba mno za silikoni zilizovimba bila kukatika. Mwaka wa 2012 watafiti walionyesha kwamba chembe ya silikoni isiyozidi takriban nanomita 150 haipasuki inaposhiba lithiamu mara ya kwanza. Wengine wamezifunika chembe hizo kwa kaboni, wametumia oksidi ya silikoni, wamebadilisha gundi inayozishikanisha, au wamechanganya silikoni kidogo na grafiti nyingi. Bidhaa zimefuata: mwaka wa 2021 kampuni ya Marekani, Sila, iliingiza silikoni yake katika kifaa kidogo cha kuvaa mkononi, na mwaka wa 2023 Honor ya China ilitoa simu yenye betri ya silikoni na kaboni. Simu za namna hiyo sasa zinauzwa pia nje ya China.

Mezani kwa mkaguzi

Uwanja uliojaa watu kiasi hicho humpa mkaguzi kazi ngumu, kwa maana kila tiba iliyotajwa hapo juu ina maombi chungu nzima ya hataza. Huanza kwa kulipanga ombi katika mafungu ya kimataifa. Maombi ya silikoni hutafutwa hasa katika fungu H01M 4/134, la elektrodi za metali, silikoni au aloi. Katika H01M 4/38, la elementi na aloi zinazotumika kama dutu tendaji. Na katika H01M 10/0525, la betri za ioni za lithiamu. Msomaji azikumbuke namba hizo, kwa sababu tutazirudia.

Kisha huyasoma madai. Madai ni sentensi za mwisho wa ombi zinazotaja mipaka ya kile mwombaji anachotaka kiwe chake. Maelezo yaweza kuwa ya kurasa 60, lakini ugomvi wote ni wa madai, na mara nyingi ni wa neno moja ndani yake.

Tuseme mwombaji anadai "elektrodi hasi yenye chembe za silikoni za nanomita 20 hadi 500 zilizofunikwa kwa kaboni". Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya 2001 inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi na uweze kutumika viwandani. Upya hupimwa kwa dunia nzima. Mkaguzi akipata waraka mmoja tu wa zamani, hata uwe wa Kijapani, unaoeleza elektrodi ya chembe za nanomita 100 zilizofunikwa kwa kaboni, dai zima limeanguka. Nukta moja iliyokwisha kujulikana inatosha kuuondolea upya upana wote unaoizunguka.

Mwombaji hurudi akiwa amepunguza: sasa anadai nanomita 20 hadi 40. Pengine hakuna aliyeandika hivyo kabla yake, kwa hiyo kitu chaweza kuwa kipya. Hapo mkaguzi huuliza swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo roho ya ukaguzi wote: je, mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo asingefika hapo mwenyewe? Tangu 2012 inajulikana kwamba chembe ndogo hazipasuki ovyo. Kupunguza ukubwa peke yake, basi, hakutoshi. Mwombaji hana budi kuonyesha kwamba kati ya 20 na 40 hutokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na alionyeshe kwa vipimo vinavyolinganisha chembe zake na zile za nje ya mipaka hiyo.

Vipimo navyo vina hila zake. Betri nyingi za majaribio ni ndogo kama kitufe, na mkabala wa silikoni huwekwa kipande cha lithiamu tupu. Kipande hicho ni ghala lisiloisha: lithiamu inayoliwa katika kuchaji mara ya kwanza hufidiwa kutoka humo na hasara haionekani. Silikoni hiyo hiyo ikiwekwa katika betri kamili kama ya simu, hasara hujitokeza mara moja. Mkaguzi mwenye uzoefu huangalia betri ilijengwa vipi kabla ya kuangalia ilidumu mizunguko mingapi.

Swali la mwisho ni la haki kwa umma. Anayepewa miaka 20 hulipa kwa kufichua siri yake. Maelezo yasipomwezesha mtaalamu mwingine kuitengeneza elektrodi hiyo, ombi hukataliwa. Vivyo hivyo, aliyejaribu gundi moja hawezi kudai gundi zote duniani.

Kumvi za Mwea

Kuna mfano ulio karibu nasi zaidi. Kumvi, yaani maganda ya mpunga, zina silika kwa wingi, na zikichomwa jivu lake ni silika kwa sehemu kubwa. Kijana wa Mwea, au wa mashamba ya mpunga ya Moshi ya Chini, aweza kufikiri hivi: jivu hili nilisafishe, niliondoe oksijeni kwa kulipasha moto pamoja na magnesi, nipate silikoni ya betri. Fikra ni nzuri. Lakini mwaka wa 2013 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Korea Kusini, yalichapisha njia hiyo hiyo. Dai la kutengeneza silikoni ya betri kutokana na kumvi, likiwa pana hivyo, haliwezi kupita Nairobi wala kwingineko.

Kinachoweza kupita ni kidogo na mahususi zaidi: tanuri linalotumia joto la kumvi zenyewe kwa namna mpya, kwa mfano, au njia mpya ya kuondoa chumvi za udongo fulani. Sheria ya Kenya ina pia cheti cha modeli ya matumizi, ambacho hakidai hatua ya kivumbuzi bali upya na matumizi ya viwandani, na hudumu miaka 10. Mafundi wengi wangefaidika nacho kuliko kufukuzia hataza kamili.

Hatari kubwa kwa wavumbuzi wetu ni ulimi wao wenyewe. Aliyekionyesha kifaa chake katika maonyesho ya kilimo au aliyekipiga picha na kuisambaza mtandaoni amekitangaza kwa umma. Kenya humpa msamaha wa miezi 12 awasilishe ombi. Ulaya kwa jumla haina msamaha mpana kama huo, na anayetaka hataza huko baada ya kujitangaza huwa amechelewa.

Njia tatu za kufika

Kabla ya 1990, hataza nchini Kenya ilikuwa kivuli cha hataza ya Uingereza: ilipatikana London kisha ikasajiliwa Nairobi. Leo ombi laweza kupelekwa moja kwa moja kwa Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya (KIPI), au lipitie Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza ambao Kenya ni mwanachama wake tangu 1994. Huchapishwa baada ya miezi 18, na mwombaji ana miaka 3 tangu kuliwasilisha kuomba likaguliwe kwa undani. Asipoomba, huhesabiwa ameliacha.

Njia ya tatu ni Shirika la Mali ya Ubunifu la Kanda ya Afrika (ARIPO) lenye makao Harare, chini ya Itifaki ya Harare ya 1982. Mwombaji hutaja nchi anazozitaka, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, na ARIPO hulikagua ombi kwa niaba yao. Nchi iliyotajwa ina miezi 6 kuliarifu shirika hilo kwamba hataza haitakuwa na nguvu kwake. Ikinyamaza, hataza husimama.

Hataza kutolewa si mwisho wa safari. Mwaka wa 2008 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliibatilisha hataza ya Chuo Kikuu cha Texas juu ya betri za lithiamu na fosfeti ya chuma, kazi ya Goodenough huyo huyo. Hataza za msingi za betri hizo zimekwisha muda, jambo lililosaidia kuzieneza kwa bei nafuu.

Mpakani

Turudi Illasit. Hataza ni ya nchi, na haivuki mpaka. Ombi la silikoni lililokubaliwa Tokyo au Washington, lakini halikuwasilishwa KIPI wala ARIPO kwa kuitaja Kenya, halimzuii yeyote hapa kutengeneza au kuuza kitu hicho. Aidha, maandishi ya "hataza inasubiriwa" juu ya kasha hayana nguvu ya hataza iliyotolewa.

Yawezekana kabisa, basi, betri moja ikawa na hataza Kenya na isiwe nayo Tanzania, au kinyume chake. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, imeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kuchelewesha sehemu kubwa ya masharti ya haki hizi hadi tarehe 1 Julai 2034. Hata hivyo ina sheria yake ya hataza tangu 1987, na Zanzibar ina yake. Anayenunua shehena Tarakea ili aiuze Illasit anaingiza bidhaa Kenya kibiashara, na hapo sheria ya Kenya yaweza kumshika.

Lakini sheria hiyo hiyo ina milango. Bidhaa iliyouzwa na mwenye hataza mwenyewe, Kenya au nchi nyingine yoyote, imetoka mikononi mwake, na mnunuzi aweza kuiuza tena. Matumizi yasiyo ya kibiashara hayaguswi, wala utafiti wa kisayansi. Mwanafunzi aweza kuiga elektrodi yoyote maabarani ili ajifunze. Na pikipiki ya umeme iliyosajiliwa Tanzania ikivuka kwa muda kuleta abiria Illasit, betri iliyomo haivunji hataza ya Kenya hata kama ingefanya hivyo dukani.

Kwa mfanyabiashara au fundi anayetaka uhakika, namba tulizozitaja zinatosha kuanzia. Ukurasa wa PATENTSCOPE wa Shirika la Mali ya Kiakili Duniani (WIPO) na ule wa Espacenet wa Ulaya husomwa bila malipo. Aandike fungu na jina la kampuni, afungue waraka, aende moja kwa moja kwenye madai, kisha aiulize KIPI kama waraka huo una mwenzake katika daftari la Kenya na kama ada za kila mwaka zimelipwa. Ada zisipolipwa hataza hufa kabla ya miaka yake 20, na kilichomo ndani yake huwa cha kila mtu.