Magoti ya Kogo

Mwezi uliopita fundi alikuja kwetu Langas kupima sebule ya Kogo. Mama anataka vigae. Mimi nikasema hapana, tuisage tu simiti iliyopo hadi ing'ae, kama kwenye mikahawa mipya hapa Eldoret. Nilijiona nina hoja ya kihistoria.

Na hoja ninayo. Neno sakafu limetoka Kiarabu, na huko maana yake ni paa. Kwenye nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, paa la chumba cha chini ndiyo sakafu ya chumba cha juu: boriti, kokoto, halafu chokaa iliyopondwa kwa miti siku baada ya siku, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Mambo ya kulainisha sakafu si ya jana.

Huku kwetu ilikuwa udongo na samadi ya ng'ombe. Hata Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 walianza na nyumba za udongo na nyasi. Mji ukaota kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo. Reli ikafika 1924, na mizigo mizito kama simiti ikapata njia rahisi. Kiwanda cha Bamburi kilipoanza kuzalisha mwaka 1954, simiti ya hapa nchini ikaongezeka.

Ndipo sakafu nyekundu ikaenea. Fundi anamwaga zege, anapaka juu yake simiti laini yenye rangi ya oksaidi, ambayo ni kutu ya chuma tu, halafu anapiga niru kwa mwiko wa chuma hadi iteleze. Lakini niru peke yake haidumu. Mng'ao ulitoka kwenye kopo la polishi, kitambaa, na mtu aliyepiga magoti.

Mtu huyo alikuwa Kogo. Miaka mingi alifanya kazi za nyumba Elgon View, na kila Jumamosi alipiga polishi sebule ya wenyewe. Jioni anarudi Langas, anaanza ya kwake.

"Wewe unaona historia," Mama akaniambia. "Mimi naona magoti ya mamangu."

Manze, niliishiwa na maneno. Kwenye masimulizi yangu yote kulikuwa na reli, kiwanda na mafundi. Aliyeing'arisha hakuwepo.

Kogo alikuwa kimya kwenye kiti chake. Akamgeukia fundi. "Hiyo yenu ya kusaga, inataka polishi?"

"Hapana, Kogo. Mashine ina meno ya almasi, inasugua simiti yenyewe. Halafu tunamwaga dawa inayoingia ndani na kuigandisha. Baada ya hapo ni mopu tu."

Kogo akaiangalia sakafu yake, kisha akaniangalia mimi.

"Basi isagwe," akasema. "Lakini mopu atashika huyu."