Kabla Uchague Masta, Kumbuka Kware

Wasee, tangu nimalize digrii ya sayansi ya mazingira, nyumbani swali ni moja tu: "Masta utafanya gani?" Mama ameshapiga hesabu ya mkopo wa chama. Mezani nina fomu mbili: fedha za tabianchi, na sheria ya mazingira, ile inayopokea hata wasio mawakili. Kila mtu ananisukuma kwa ya kwanza. Eti pesa iko kwa karboni.

Manze, hii stori si ya kwanza. Mnakumbuka mayai ya kware, 2013? Watu walifuga kwa sababu jirani amefuga. Soko likajaa, bei ikaanguka, wakabaki na vizimba.

Lakini kuna kware mwingine. Mwaka 1966, Wangari Maathai alipata masta ya biolojia Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Alikuwa amechunguza tezi ndogo iliyo kwenye ubongo wa kware. Mti hapo hakuna hata mmoja. Leo angeulizwa, "Sasa hiyo itakupeleka wapi?"

Ilimfunza kuangalia kitu hadi akielewe. Akiwa mtafiti Nairobi, alienda mashambani kutafuta kupe wanaoambukiza ng'ombe, akaona jambo ambalo hakutumwa kutafuta: ng'ombe wamekonda, nyasi ni kidogo, mito imejaa udongo. Wanawake wa kijijini nao walilia kukosa kuni na maji safi. Tarehe 5 Juni 1977, miti saba ikapandwa Kamukunji, Nairobi. Hivyo ndivyo Green Belt Movement ilivyoanza.

Halafu ikaja 1989. Serikali ilitaka jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari akaenda kortini, kesi ikatupwa. Sababu? Hangeweza kuonyesha hasara yake binafsi, kwa hivyo hakuwa na haki ya kushtaki. Daktari mzima wa sayansi, na sheria ikamfungia mlango! Mradi ulikuja kufa kwa sababu ya kelele zilizowafikia wafadhili wa nje.

Leo mlango huo uko wazi ndani ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 70 kinasema mtu yeyote anaweza kwenda kortini kutetea mazingira, bila kuthibitisha kwamba yeye ndiye ameumia. Tena sasa tuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Hapo ndipo nilijiona. Nikiwa kwa atachi, tulipima maji ya mto chini ya kiwanda fulani. Majibu yalikuwa mabaya. Yakawekwa kwa faili, na watoto wakaendelea kuogelea. Namba nilikuwa nazo, lakini sikujua nizipeleke wapi wala niziandike vipi ndio zisimame kama ushahidi.

Kwa hivyo naenda sheria. Haitanifanya wakili, hiyo najua, lakini korti haihitaji mawakili peke yao.

Sisemi nyote mnifuate, hiyo itakuwa kware tena. Jiulize tu: digrii yako ya kwanza ilikwama wapi? Kama ulikwama ukitafuta pesa za mradi mzuri, basi fedha za tabianchi ni zako kabisa.

Fomu nimejaza. Sasa nimebaki na kazi ngumu zaidi: kumwambia Mama.