Mashindano ya Ubunifu ya Wanafunzi na Nafasi ya Mumosho

Muda mrefu kabla ya shule za kisasa, jamii za Afrika Mashariki zilikuwa na shindano lao la akili, nalo ni mchezo wa vitendawili, ambamo mtegaji huuliza, wenzake hujaribu kufumbua, na wakishindwa hulazimika kumpa mji kama zawadi ya ushindi ndipo awafunulie jibu. Mchezo huo uliwazoeza watoto kukitazama kitu cha kawaida kwa jicho jipya na kupima mawazo yao mbele ya wengine.

Shule ya kikoloni, na baadaye shule ya taifa huru, ilifuata njia nyingine. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, unaoitwa Examen d'État, humpima kila mwanafunzi peke yake, na kwa kuwa cheti chake ndicho mlango wa chuo kikuu, masomo mengi yameelekea kukariri yatakayoulizwa. Hata Génies en herbe, shindano la maswali na majibu lililopata umaarufu kupitia televisheni ya Quebec katika miaka ya 1970, kisha likaenea katika shule za nchi zinazotumia Kifaransa, Kongo ikiwamo, huzikutanisha timu mbili lakini hutuza zaidi kumbukumbu na wepesi wa kujibu.

Shindano la ubunifu ni la aina tofauti, kwa maana tatizo lake halina jibu moja lililokwisha kuandikwa. Mfano wake mashuhuri ni Odyssey of the Mind, lililoanzishwa mwaka 1978 huko New Jersey, Marekani, na Samuel Micklus, profesa wa chuo cha Glassboro aliyezoea kuwapa wanafunzi wake kazi ya kubuni vyombo visivyo vya kawaida, na mwaka huo wa kwanza shule 28 zilishiriki. Timu ya watoto wasiozidi saba hushughulikia tatizo moja kwa miezi kadhaa, kwa mfano kujenga kwa vijiti vya mti mwepesi wa balsa umbo lenye uzito wa gramu chache linaloweza kubeba mamia ya kilo, kisha siku ya shindano hupewa tatizo jingine la papo kwa papo. Gharama ya vifaa huwekewa kikomo, na mtu mzima haruhusiwi kuwapa wazo wala kuwafanyia kazi, kwa hiyo kila kinachofika mbele ya waamuzi, pamoja na kasoro zake, ni cha watoto wenyewe.

Afrika Mashariki imepokea roho hiyo kwa njia zake. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa kufuata maonyesho ya wanasayansi vijana ya Ireland yaliyoanza mwaka 1965, huwataka wanafunzi wa sekondari wachunguze matatizo ya jamii zao na kuonyesha matokeo mbele ya majaji. Kimataifa pia, mwaka 2017 timu za nchi zaidi ya 150, zikiwamo nyingi za Afrika, zilikutana Washington katika shindano la roboti la FIRST Global, ambalo tatizo lake la mwaka huo lilihusu maji safi.

Historia hii ina maana ya pekee kwa Mumosho, eneo la Wabashi lililo kusini mwa jiji la Bukavu, katika mkoa wa Kivu ya Kusini nchini Kongo, ambako mwaka 2018 ilifunguliwa Congo Peace School, shule inayofundisha misingi ya Martin Luther King ya kutatua migogoro bila kutumia nguvu. Katika nchi iliyojeruhiwa na vita, timu inayobishana juu ya wazo, ikakubaliana, kisha ikajenga pamoja, inajifunza amani kwa vitendo. Wala matatizo ya kushindania hayahitaji kuagizwa kutoka mbali: mto Ruzizi, unaoyapeleka maji ya Ziwa Kivu hadi Ziwa Tanganyika, unaendesha mitambo ya umeme, na mtambo wa Ruzizi II umezihudumia Kongo, Rwanda na Burundi tangu 1989, ilhali kaya nyingi za bonde la mto huo bado hupika kwa kuni na makaa. Walimu na wakuu wa shule za Kivu ya Kusini wawatolee wanafunzi maswali ya namna hiyo, wawape muda na vifaa vya bei nafuu, kisha wajizuie kuwatajia jibu.