DNA ya mitokondria: Alama ndani ya damu inayoweza kuonyesha moyo umeumia

Mgonjwa akifika hospitali akisema kifua kinambana, daktari anataka kujua jambo moja haraka: misuli ya moyo imeumia au la?

Damu husaidia kutoa jibu. Seli za moyo zikifa hupasuka, na vilivyomo ndani yake humwagika kwenye damu. Kimojawapo ni DNA ya mitokondria, ambayo wanasayansi wanaichunguza kama alama ya moyo ulioumia.

Mitokondria ni nini?

Ni vinu vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nishati kwa kutumia chakula na oksijeni. Moyo haupumziki usiku wala mchana, ndiyo maana vinu hivi huchukua karibu theluthi moja ya nafasi ndani ya seli ya misuli yake.

Mitokondria ina DNA yake, tofauti na ile iliyo kwenye kiini cha seli. Ina umbo la duara, ina jeni 37 tu, na mtu huirithi kutoka kwa mama.

Inafikaje kwenye damu?

Mshipa unaolisha moyo ukiziba, seli hukosa oksijeni. Hali hiyo ikiendelea, zinakufa na kuvuja. Kwa kuwa seli moja ya moyo ina maelfu ya nakala za DNA hii, hata kidogo kinachovuja kinaweza kuonekana kwa kipimo cha PCR, teknolojia ileile iliyotumika kupima UVIKO-19.

Mwaka 2012, watafiti wa Norway waliripoti kwamba waliopata mshtuko wa moyo walikuwa na kiwango kikubwa cha DNA hii kwenye damu kuliko wagonjwa wa moyo ambao hali yao ilikuwa imetulia.

Yenyewe inaweza kuleta madhara

Wanasayansi wanaamini mitokondria ilitokana na bakteria walioingia kwenye seli za kale, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. DNA yake bado inafanana na ya bakteria, hivyo kinga ya mwili ikiikuta nje ya mahali pake hudhani ni maambukizi na kuanza mapambano.

Mwaka 2010, watafiti wa Marekani walionyesha jambo hilo kwa watu waliojeruhiwa vibaya. Miaka miwili baadaye, wenzao wa Japani walionyesha kwa panya kwamba DNA hiyo isipovunjwavunjwa ndani ya seli za moyo, inaweza kuufanya moyo ushindwe kufanya kazi.

Kwa nini haitumiki hospitalini kila siku?

Tatizo ni kwamba haisemi imetoka wapi. Karibu kila kiungo kina mitokondria, kwa hiyo ajali au maambukizi makali yanaweza pia kupandisha kiwango chake. Hata chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zina mitokondria. Sampuli isipotunzwa vizuri maabara, majibu yanaweza kupotosha.

Ndiyo maana madaktari wanategemea troponini, protini ambayo aina yake ya moyo hutoka kwenye misuli ya moyo. Huanza kupanda ndani ya saa chache baada ya moyo kuumia na hubaki juu kwa siku kadhaa. Husomwa pamoja na kipimo cha umeme wa moyo, ECG.

Unachotakiwa kujua

Kifua kikibana au kuuma, maumivu yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya, ukatokwa jasho jingi au kukosa pumzi, wahi hospitali. Usisubiri kuone kama yatapita. Ukiambiwa kipimo cha kwanza cha troponini kiko sawa lakini kinatakiwa kurudiwa, usiondoke: huenda moyo umeumia muda mfupi uliopita na dalili bado haijafika kwenye damu.